Damu Safi ya Mzee Muthama

Muthama alikuwa na bucha pale Emali, tena alikuwa mzee wa kanisa. Tangu aache jembe kwao Ikutha, isyo, yale mahindi na maharagwe aliyolelewa nayo, aliyaita chakula cha wafungwa. Kwake ilikuwa mkate mweupe na nyama ya mafuta, naye akikaa kutwa nyuma ya mizani hadi kitambi kikawa kinamtangulia mlangoni.

Mwaka wa 1986 tumbo likaanza kumkata chini, upande wa kushoto, homa nayo ikapanda. Daktari Mbugua akamwambia arudi Jumatatu atolewe damu ya kupimwa. Muthama akaichukulia kama mtihani. Tangu Ijumaa akawa anameza vidonge vya rangi mbili, vile vya dukani vya kukausha vidonda.

"Baba Mutindi, si daktari aione damu jinsi ilivyo?" mkewe Nzilani akauliza.

"Niaibike? Mzee wa kanisa apatikane na damu chafu!"

Jumatatu akatolewa damu, Nzilani akiwa kando yake. Majibu yalipokuja, daktari akauliza, "Mzee, unakula nini?"

"Isyo, daktari. Mkamba atakula nini kingine?"

"Sigara?"

"Mimi? Mzee wa kanisa?"

Nzilani aliinamisha macho. Koti alilovaa mumewe alikuwa amelifua na pakiti ya sigara ndani.

"Kuna dawa umemeza?"

"Hata aspirini sijagusa."

Nzilani alifungua mdomo, mumewe akamtazama, akaufunga. Mwanamke wa kwao hamkanushi mume mbele ya mgeni. Kimya kile kiliitwa heshima. Kilikuwa uongo pia.

"Chembe nyeupe za damu haziko juu," daktari akasema. "Zingepanda, ningeshuku vifuko vya utumbo mpana vimevimba. Lakini ugonjwa huo ni nadra kwa watu wanaokula isyo. Nenda nyumbani, maumivu yakizidi urudi upesi."

Njiani Muthama akacheka. "Umeona? Nimepita!"

Vidonge vikaisha, naye hakununua vingine. Alhamisi tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nzilani akamrudisha kwa gari la kubeba ng'ombe, na kabla hajaulizwa akasema yote: vidonge, mkate, sigara. Daktari alimsikiliza, mkono ukiwa juu ya lile tumbo.

"Mama, vidonge viliuficha ugonjwa, na sasa kifuko kimepasuka. Anahitaji kupasuliwa, na hapa hatupasui. Ungeniambia Jumatatu!"

Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda Kitui. Nzilani alikaa sakafuni kando ya kitanda, akisikia kila gari la barabara ya Mombasa likikaribia, halafu likipita.

"Wapime tena," Muthama alinong'ona. "Damu yangu ilikuwa safi."