Miaka nane nilimwita mjukuu wangu jina langu, kumbe si lake

Wakuu wa humu ndani, hamjambo. Na wajukuu pia, maana najua wengi wenu ni watoto kwangu.

Mimi ni mama mzee wa huku Gatuanyaga, upande wa Thika wa vumbi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona maneno yamepinda msinicheke sana. Naandika na kidole kimoja. Simu nilinunuliwa na msichana wangu, na huwa nasoma tu nyuzi zenu nikingoja chai ichemke. Leo nimeona hata mimi niandike, kwa sababu hii kitu imekaa kwa kifua tangu Jumamosi na haitaki kushuka.

Sitaongeza chumvi. Iko nayo ya kutosha.

Kwanza niwaeleze kidogo, wale si watu wa kwetu.

Sisi Wakikuyu mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu. Msichana wa kwanza anaitwa mama ya baba yake. Wa pili ndio anaitwa mama ya mama, na wavulana ni vivyo hivyo kwa babu zao. Na si eti ni kumbukumbu. Tunasema ni yeye amezaliwa tena. Ndio utasikia mwanamume mzima akiita kasichana kake "mum". Hachezi. Ni mama yake huyo.

Mimi naitwa Wangari. Nilipewa jina la mama ya baba yangu Ndung'u. Huyo Wangari naye alikuwa wa Wangari mwingine aliyekuja huku na miguu akibeba mbegu ya maharagwe. Masomo Mungu alininyima lakini majina alinipa. Jina likiingia kwa hii kichwa halitoki.

Nilizaa wawili tu. Karanja, kijana, anaishi Ruiru na bibi yake Mercy. Na Wambui, anafanya kazi kiwandani hapa Industrial Area. Wambui ako na vijana wawili, na wa pili ni Kimani, marehemu mzee wangu. Kwa hivyo mzee alisharudi. Ananiomba mandazi kila akikuja.

Mimi ndio nilikuwa nimebaki. Na wa kunileta alikuwa ni Karanja peke yake.

Mercy alijifungua msichana. Alijifungua vibaya, akapoteza damu, daktari akamtoa kizazi. Kwa hivyo huyo mtoto ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho.

Karanja alinipigia simu akaniambia, "Mum, amefika."

Nikamuuliza, "Wangari amefika?"

Akanyamaza kidogo. Mimi nikadhani ni machozi. Nikatoka nje na simu mkononi nikapiga vigelegele tatu, vile tunapigia msichana. Jirani yangu Mama Mutua ni Mkamba na hata yeye akajibu. Mpaka jioni, njia yote mpaka kwa duka ilikuwa inajua Wangari amezaliwa Ruiru.

Mbuzi wangu mmoja alizaa wiki hiyo, jike. Nikasema huyo ni wa Wangari. Na kizazi chake kimekuwa cha Wangari mpaka leo.

Sasa turudi Jumamosi.

Wambui ndiye alileta maneno ya birthday. Mtoto anatimiza miaka nane, afanyiwe kwa Shosho wake, ndio mimi, wikendi yote, walale. Nilifurahi mpaka nikapaka ukuta wa jikoni chokaa. Nikapika mukimo, chapati, kuku wawili. Nikachagua mbuzi jike mzuri, nikamfunga karibu na tangi ya maji, na kitambaa chekundu shingoni. Nilitaka kumkabidhi mtoto mbele ya watu, aseme ni wake kwa mdomo wake.

Wambui alifika mapema na pikipiki, soda zimefungwa nyuma na mpira. Gari ya Karanja ikaingia mchana.

Mtoto ndiye alitoka kwanza akikimbia. Nikamshika. "Wangari wangu, umekuwa mrefu, nani alikuambia?"

Akacheka. Akaangalia baba yake.

Hiyo kuangalia baba yake, wakuu, alikuwa anafanya kila wakati. Sikuwahi kujiuliza.

Kisha Mercy akatoka. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka pole pole na nikaona kofia ya sufi. Mama ya Mercy. Yeye anaishi Nyahururu, na tangu siku ile tulienda kwao kupeleka mahari hatujakaa tena meza moja, na hata siku hiyo tuliitana tu Mama Karanja na Mama Mercy. Sikuwa nimeambiwa anakuja.

Karanja alikuwa amesimama kama mtu amemeza mfupa wa samaki.

Kumbe huyo mama alikuwa ameletwa Ruiru kwa kliniki. Walikuwa wamepanga kumwacha na jirani. Asubuhi wakamkuta ameshakaa ndani ya gari na mkoba kwa magoti.

"Ati niachwe kama gunia na kuna keki," akaniambia tukisalimiana. "Mama Karanja, wewe ungekubali?"

"Hata mimi ningelala ndani ya gari," nikamwambia.

Nilimpenda hapo hapo, na nasema hivyo ili mjue sina vita naye.

Barabara ilikuwa imemchosha. Nikampeleka kwa kitanda changu alale kidogo mpaka chakula. Mimi nikakaa nje na mtoto. Wangari kuja uone mbuzi. Wangari usikanyage hapo. Baadaye mama aliniambia alikuwa ananisikia kupitia dirisha akadhani naita mtoto wa jirani.

Tukakula. Mama akaamka, akakula chapati nne na akaomba ya kubeba. Mercy hakuwa anakula. Karanja alikuwa anaongea sana juu ya barabara, na yeye si mtu wa kuongea.

Halafu Wambui akaleta keki. Ilikuwa bado kwa boksi. Mercy akaruka akasema wacha mimi nikate huko jikoni, nilete ikiwa imekatwa. Mama yake akamwambia, "Keki inakatwa mbele ya mwenyewe. Weka hapo." Akafungua boksi mwenyewe.

Kusoma kwangu ni pole pole. Hiyo ya Kizungu ya juu naijua kwa umbo tu, nimeiona kwa keki nyingi. Nikashuka chini kwa jina, nikitafuta langu. Nikasoma herufi moja moja.

NJOKI.

Wakuu, unajua nilifikiria nini? Nilifikiria wamebadilishiwa keki. Nikawaambia, "Haiya, mmepewa ya wenyewe. Kuna mtoto huko Ruiru analia saa hii akiangalia jina langu."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mama ya Mercy akasema, "Hapana, Mama Karanja, hii ni yetu. Hawa walikuwa wameagiza keki haina jina. Mimi ndio nilituma yule msichana wa keki aandike. Keki bila jina si ni mandazi kubwa tu?"

Nikamuuliza, "Njoki ni nani?"

"Njoki si ni mimi," akasema. Akamvuta mtoto kwa bega. "Na huyu. Ni mimi huyu."

Nikamwambia, "Huyo ni Wangari."

Akaniangalia. Hakuwa anacheza. "Wangari ni nani?"

"Wangari ni mimi."

Mshumaa wa keki Wambui alikuwa ameshauwasha na hakuna mtu aliuzima, ukashuka mpaka ukaingia kwa ile sukari nyeupe.

Nikamgeukia mtoto. Sikutaka kumgeukia lakini ndiye alikuwa karibu. Nikamuuliza pole pole, "Wewe unaitwa nani?"

Akaangalia baba yake. Baba yake alikuwa anaangalia viatu.

Akasema, "Shosho, mimi ni Njoki. Wangari ni nikikuja huku. Daddy alisema hilo ni jina la huku."

Jina la huku. Kama gumboots. Unavaa ukifika kwa matope, unaacha kwa mlango ukienda.

Nilisimama nikaenda jikoni. Nilikaa kwa kile kiti cha chini. Sikulia. Nilikuwa nimekauka kama mtu amepigwa kofi na mtu hamjui. Nilikuwa naangalia hiyo chokaa niliyopaka, nikiwaza tu, kwa hivyo mimi sijazaliwa.

Karanja akanifuata. Mtu wa ndevu, akapiga magoti kwa majivu.

"Mum."

"Usiniite mum. Uko na mum wangapi?"

Akaniambia yote. Kwamba wiki ile Mercy anajifungua, mama yake alikuwa amelazwa na oksijeni, na madaktari wamesema wajiandae. Mercy akiwa kwa kitanda, ametoka kuambiwa hatazaa tena, akamshika Karanja mkono akamwambia, wacha mama asikie jina lake kabla aende. Karanja akakubali. Mama akaambiwa kwa simu.

"Halafu?"

"Halafu akapona, mum."

Na huko nje namsikia akimuuliza Wambui kama chai iko na tangawizi.

"Nilikuwa nikuambie," akasema. "Nilikupigia nikuambie. Ukauliza kama Wangari amefika, na kabla nipate maneno nikasikia vigelegele. Nikasikia mpaka Mama Mutua. Ningerudisha hiyo vigelegele na nini?"

Hapo, wakuu, nilijua kitu. Karanja hajawahi kumwita huyo mtoto Wangari. Hata siku moja. Anamwita mum. Na Mercy pia anamwita mum. Mimi nilikuwa naona bibi ya kijana wangu akiita mtoto wangu wa jina mum, nikasema huyu msichana ananipenda mpaka ameingia kwa jina letu. Kumbe kila mmoja alikuwa anaita mama yake, na mimi nimekaa hapo katikati nikitabasamu.

Wambui akasimama kwa mlango. Nikamuuliza, "Hata wewe?"

"Mami, tuliogopa presha yako."

"Presha yangu imekuwa sawa miaka nane," nikamwambia. "Ni leo mmeiamsha."

Mama ya Mercy akaingia. Jikoni yangu ni ndogo, tukawa tumejaa kama kuku. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa ameshaelezwa na Mercy, na uso wake ulikuwa umeanguka.

Akaniambia, "Mama Karanja, mimi sikujua. Nakuapia kwa huyo Mungu aliniamsha kwa oksijeni. Sikiliza. Mimi niko na wasichana wengine wameolewa, na baadaye walinizaa. Kuna Njoki Nakuru na kuna Njoki Nyeri. Chukua huyu. Abadilishwe, awe wako."

Alisema vizuri. Na ndipo nilikasirika kabisa, sijui ni kwa nini, pengine kwa sababu yeye ndiye hakuwa na makosa.

Nikamwambia, "Jina si sufuria ati mtu anaazima jirani. Ulikuwa unakufa ukasikia limetajwa, ukarudi. Mimi nani nikunyang'anye?"

Akakaa chini kando yangu, kwa kuni. Akanipatia ile chapati yake ya kubeba tukagawana. Njaa sikuwa nayo. Nilikula tu.

Walikuwa walale mpaka Jumapili. Hawakulala. Jua likiwa bado juu Karanja akasema afadhali waende.

Wakiingia kwa gari, mtoto akasimama kwa tangi ya maji, kwa mbuzi. Akaniuliza, "Shosho, sasa huyu si wangu?"

Watu wote walisimama hapo wakiningoja.

Mbuzi ni wa Wangari. Hivyo ndivyo nilisema miaka yote, mbele ya njia yote mpaka kwa duka.

Nikamwambia, "Ni wako. Mbuzi hasomi keki."

Akakubali akaingia kwa gari. Nikataka kumuaga. Nikafungua mdomo nimuite na hakuna kitu kilitoka. Wangari halikutoka, na Njoki lilikataa. Mimi najua majina ya watu walikufa kabla nizaliwe, na nilisimama kwa geti yangu bila jina la mjukuu wangu. Nilipunga tu mkono mpaka vumbi likaisha.

Siku zilizofuata sikushika simu ya Karanja. Alipiga, nikaacha ilie. Mama Mutua akaniuliza party ilikuwaje, nikamwambia keki ilikuwa tamu. Bado sijamwambia. Siwezi kurudi kwa kila mlango kusema zile vigelegele zilikuwa za mtu wa Nyahururu.

Halafu jana jioni ikalia namba ya Mercy. Nikashika kwa bahati mbaya, kidole ni hiki hiki kimoja.

Sauti ndogo ikasema, "Shosho, ni mimi."

Nikasema, "Wewe nani?" Sikuwa namjaribu. Nilikuwa nauliza kweli.

Akanyamaza, vile baba yake alinyamaza siku ile. Nikasikia akipumua. Nyuma yake nikasikia televisheni na Mercy akiuliza unaongea na nani.

Akasema, "Ni Wangari. Na niko Ruiru."

Wakuu, ilibidi nikae.

Sikupiga vigelegele. Nilimwambia tu mbuzi wake amekula vizuri, na kile kitambaa chekundu amekitafuna. Akaniambia nimfunge kingine.

Karanja bado sijamwongelesha. Nitamwongelesha. Lakini wacha kwanza aonje kunyamaziwa, aone vile kunaumiza.

Funzo langu ni dogo. Nyinyi watoto wakubwa mko Ruiru na kwingine, wazazi wenu si mayai. Mngeniambia ile siku ya kwanza, kwamba mama wa watu anakufa na mtoto ni mmoja, ningekubali. Ningelia kwa shamba nikarudi nimekubali. Uongo haukuniokoa kutoka kwa machozi, ulinisubirisha tu nizeeke kwanza.

Sasa ongeeni. Nani amefichwa kitu na watoto wake ati ni kwa sababu ya presha? Na wale mmebeba jina la shosho, mnaitwaje mkiwa mbali naye? Andikeni maneno mafupi, nasoma pole pole, lakini nitasoma yote na majina yenu nitayakumbuka.