Rara si Lala

Nilipoanza kutengeneza tovuti hapa Kigali nilikuwa nimeshaumwa mara moja. Mwenye saluni mmoja aliomba nimwonyeshe mfano tu, akaupiga picha kwa simu, na baada ya wiki mbili nikaukuta mfano wangu uko hewani, ukiitwa kazi ya mpwa wake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mimi nilishtuka hata kwa salamu.

Kwa hiyo mama mmoja muuza magodoro wa Kabuga aliponipigia, nilimhukumu kabla sijamwona uso. Alikuwa mkarimu mno. "Mwanangu, kuja dukani uone, tutakula na chakula," aliniambia. Mtu hata hunijui, mwanao tangu lini? Nikakataa. Nikamwambia tukutane kwenye makutano ya Sonatubes, penye watu na pikipiki nyingi, nikitaka kukimbia nikimbie.

Jina la duka alinitumia kwa ujumbe wa sauti. Lilianza na neno "rara". Nilicheka peke yangu. Nimekulia Mwanza, Kinyarwanda changu ni cha kuombea maji, lakini kwenye Kiswahili hanibabaishi mtu. Nilishazoea kwamba hapa r na l hubadilishana viti. Duka la magodoro litaitwaje kama si "lala"? Nikaandika lala juu ya ukurasa, na anwani ya tovuti nikaisajili hivyohivyo. Nilijiona nimemfanyia hisani.

Kazi ilipokwisha nilimwonyesha palepale Sonatubes, simu nimeishika mwenyewe, nikipitisha kurasa harakaharaka asije akazipiga picha. Alisema magodoro yanapendeza. Anwani nilimtajia kwa mdomo. Mimi nilisema lala, yeye akasikia rara, tukaagana kila mtu ameridhika.

Tovuti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kweli, na niliihitaji kuliko nilivyoonyesha. Kampuni moja ya Remera ilikuwa tayari kunichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, ila walitaka namba ya mteja mmoja wamuulize habari zangu. Sikuwa na mwingine. Nikawapa ya yule mama, naye nikamwarifu. Wakasema watampigia Ijumaa asubuhi.

Alhamisi mchana akanipigia yeye. "Site haiko, mwanangu. Wateja wanatafuta, haiko."

Nikaifungua kwenye simu yangu. Ipo, inafunguka vizuri kabisa. Basi moyo ukaniambia: ndiyo haya. Anajua wanampigia kesho, anatafuta sababu ya kunikana. Labda naye ana mpwa. Nilipanga hasira yangu neno kwa neno, na Ijumaa nikapanda basi la Kabuga kwenda kumfumania.

Nilimkuta dukani na wateja wawili wanaobonyezabonyeza godoro. Sikusubiri. "Mama, nimekukosea nini mpaka uniharibie kazi? Tovuti ipo, hii hapa, unasemaje haipo?"

Wateja wakaacha kubonyeza. Yeye alinisogelea. Aliitazama simu yangu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Akanishika mkono, akanitoa nje mpaka barabarani, akanyoosha kidole juu.

Kibao kilikuwa kikubwa, cha buluu, cha zamani kuliko kazi yangu yote. RARA. Chini yake, kwa rangi mbichi, alikuwa amechorewa anwani ya tovuti, nayo inaanza na rara.

"Kurara ni Kinyarwanda," akasema taratibu. "Ni kupitisha usiku. Kwani wewe uliandika nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kibao kilikuwa hapo siku zote; hata leo nilipita chini yake kwa hasira bila kuinua macho. Ningekubali kuja kula chakula siku ile ya kwanza, ningekisoma kabla hata sijashuka kwenye basi.

Simu yake ikalia tukiwa tumesimama hapohapo. Walikuwa wale wa Remera. Aliongea nao Kinyarwanda, polepole, akinitazama. Nilishika neno moja moja. Halafu akaiondoa simu sikioni.

"Wanauliza kama ninakuamini."

Nilitaka kumwomba aseme ndiyo. Nilikuwa nimetoka kumwita mwongo mbele ya wateja wake, dakika tano hazijapita.

Akairudisha simu sikioni. "Oya," akawaambia. Neno hilo nalijua, ni hapana. Akaongeza maneno mengine ambayo sikuyaelewa, akawashukuru, akakata.

Kutoka Remera hawakunipigia tena, na sikuwalaumu. Siku ile nilijua pale pale kwamba nafasi imekwenda, nikageuka kutafuta kituo cha basi. Yule mama alikuwa ameshaingia ndani, anasukuma godoro moja kando ya meza ili pawe na nafasi.

"Unaenda wapi?" akaniita. "Kuja ukae hapa, uandike jina ya duka vile iko."