Matanga ya Mwizi wa Kondoo

Mama yangu ana kaka ambaye kwa miaka mingi hakumlilia. Alichukuliwa nyumbani Burundi wakati wa vita, akauawa, mwili haukurudi, na bibi akakataza matanga: bila mwili, asilie mtu. Mjomba huyo nilimjua kwa picha tu. Ilikaa nasi kambini kwa wakimbizi Tanzania, tukaja nayo hapa Louisville, Marekani, na ukimuuliza Mama habari zake, atakuambia sufuria inaungua.

Sasa mimi, katika masomo yote ya duniani, nikachagua historia ya kunyonga watu hadharani Uingereza. "Wenzako wanasomea unesi," Mama alisema, "wewe unasomea kitanzi!" Lakini akirudi kutoka kazini ghalani, akikaa kuchambua maharage, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiniambia, "Haya, nisomee hao watu wako."

Siku moja nikamsomea habari za kijana aliyeiba kondoo. Watu walijaa kumtazama kama wako mpirani, wengine wanakula machungwa. Alipokata roho, madaktari wakatuma watu wauchukue mwili wakaupasue wajifunze. Dada yake alipigana nao palepale chini ya mti wa kunyongea, wakamshinda. Mama aliacha maharage. "Hawakumzika?" Nikasema hawakumzika.

Jumapili akasimama kanisani kuomba maombi: kuna kijana wetu kanyongwa Uingereza, na ndugu wamenyimwa mwili. Mimi nilibaki nyumbani, sikusikia. Nilichoona ni magari yanajaa kwenye pakingi ya apatimenti zetu mtaa wa Iroquois, na akina mama wanashuka na masufuria ya wali na sombe ya majani ya muhogo, makatoni ya soda, vitenge vimefungwa kiunoni kimsiba. Wananikumbatia. "Pole sana, mwanangu." Pole ya nani, jamani? Mmoja aliponieleza Mama aliomba nini kanisani, nilitamani ardhi inimeze.

"Mama! Huyo mtu amekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita!"

Mama akatazama vidole vyake vya miguu. "Sikudanganya," akanong'ona. "Sikusema tu ni mwaka gani."

Hasira zilinipanda kwa aibu. Ndipo mama mmoja Mkongomani, mkubwa kuliko wote, akatua sufuria yake mezani. "Bon. Na matanga ilifanywa?"

"Hapana, mama," nikamjibu.

"Donc, basi tukae. Chakula imeisha kuiva."

Wakakaa kwenye zulia, wakaanzisha wimbo. Nikakaa nao, nikiona ni vichekesho vitupu, na nikiwapenda vivyo hivyo. Ubeti wa pili, Mama aliinuka akaitoa picha ya mjomba ukutani, akaipakata, na nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kaka yangu weee! Kaka yangu!" Hakuna aliyeuliza. Walimshika tu, wakaendelea kuimba.

Kesho yake macho yake yalikuwa bado yamevimba. Alipangusa meza, akaniwekea kitabu changu mbele yangu, akavuta ungo wa maharage.

"Haya, nisomee. Nani mwingine hakuliliwa?"