Mkia wa Gauni la Jumamosi

Kazi ya Safinah ni kuosha mikia. Ukimwita dobi atakurekebisha, kwa sababu dobi huosha nguo nzima. Yeye huja Jumatatu asubuhi kwenye duka la Princesse hapa Wandegeya, Kampala, anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, anavua viatu, anakaa kwenye kigoda na kupokea magauni ya arusi yaliyokodishwa mwisho wa wiki. Sehemu ya juu ya gauni haina kazi. Ni jasho kidogo na poda kidogo, mtu yeyote ataviweza. Lakini ule mkia unaoburutwa nyuma, mita mbili au tatu za kitambaa cheupe kilichofagia mji kuanzia kanisani hadi ukumbini, huo ni wake peke yake.

Mimi nachapa kadi za arusi mlango wa pili. Kadi zinatoka kwangu, wiki chache baadaye mkia unaingia kwake, na kati ya hapo watu wamekula, wamecheza na wamegombana. Jina langu ni Atoo. Nilizaliwa kambi ya polisi, Kiswahili kilinilea hukohuko, na mdomo huu nilionao pia niliupata huko. Wanaonifahamu wamezoea.

Safinah anausoma mkia kabla hajautia maji. Udongo mwekundu maana yake sherehe ilikuwa nje ya mji. Nyasi mbichi ni wale waliokwenda kupiga picha bustanini. Siku moja alinionyesha alama ndogo ya mviringo. "Hapa shemeji alikanyaga," akasema. "Makusudi. Angalia, kisigino inazunguka." Nilicheka, lakini wiki iliyofuata bibi arusi mwenyewe alikuja akamweleza Princesse habari za shemeji huyo, na nikaacha kucheka.

Akiosha anaongea, na maneno yake mengi ni ya mikia. Baba yake alikuwa mchinjaji kule Bombo, Mnubi kama yeye, na binti alikua akichuna mikia ya ng'ombe kwa ajili ya supu. "Ng'ombe na mkia yake anafukuza nzi," husema. "Tumbili anashika tawi. Samaki bila mkia hapana fika popote. Mbwa anaongea na mkia maneno yote. Mpaka nyota, iko ile ya mkia, watu wanatoka nje kuangalia. Mimi mwenyewe shule nilivuta mkia miaka minne, na walimu walinijua. Sasa bibi arusi, mkia yake inafanya nini? Inakusanya taka tu."

Princesse ni Mkongomani, na hamwachii mtu neno la mwisho. Siku hiyo alikuwa anapiga pasi shela. "Mukia haiko ya bibi arusi, Mama Lailah," alisema. "Iko ya benye banabaki nyuma. Ye anaenda, bale banaangalia mukia."

Safinah aliinama akasugua mahali palipokwisha kutakata. Mimi nilimkanyaga Princesse mguu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Sote tunamwita Mama Lailah, na kila tukimwita hivyo tunamtonesha. Lailah ni mtoto wake wa pekee. Mume, Kasim, alikuwa dereva wa lori la Juba, akafa kwa figo miaka mitano iliyopita, na mama na binti wakabaki katika vyumba viwili nyuma ya maduka ya Wahindi, Old Kampala, chini ya msikiti. Lailah akapata kazi ya kuuza dawa. Halafu akampata Ojara, askari wa trafiki, Mwacholi, Mkatoliki. Alipomwambia mama yake kwamba wanataka kufunga ndoa kanisani, Safinah alisema neno moja tu: baba yako angekuwa hai, ungekuwa umemuua leo. Lailah aliingia ndani, akatoka na begi, akaenda.

Hiyo ni miaka miwili na miezi minne. Nahesabu kwa sababu yeye anahesabu.

Mimi nilimwambia wazi kwamba amemgeuza marehemu ukuta wa kujifichia. Kasim nilimjua. Bia ya Ojara asingeigusa, lakini wangekaa benchi moja wakabishana habari za injini mpaka mabibi waite chakula. Safinah alininunia wiki nzima. Jumatatu iliyofuata aliniletea gurusa, ile mikate myembamba ya kukaanga ya Kinubi, ameifunga kwenye leso.

"Ya kwanza huwa inaungua kidogo," akasema. "Lailah alikuwa anaipenda hiyo. Anasimama karibu ya sigiri ya makaa anangoja. Mpaka leo naitenga, Atoo. Sijui natengea nani." Akafungua fundo la leso. "Mimi nataka mtoto yangu. Lakini sijui naanzia wapi."

"Anza na simu," nikasema.

"Nitasema nini?"

Nikamega gurusa moja, nikampa nusu.

Basi mwaka huu, Alhamisi moja ya mwezi wa pili, Lailah akaingia kwangu. Amenenepa kidogo, amependeza, amefunga kilemba kama zamani. Alitaka kadi mia mbili. Kwenye karatasi aliyoniandikia, mahali pa wazazi wa bibi arusi, aliweka jina la marehemu Kasim na jina la Bi Safinah, herufi kubwa. Nilisoma nikamwangalia usoni. "Chapa hivyohivyo," akasema.

Kisha akaniuliza mama yake huja siku gani. Nikamwambia Jumatatu na Jumanne. "Najua," akasema, na macho yakamjaa. Kampala ina maduka ya magauni usiyoweza kuyamaliza kwa miguu, lakini yeye alipanda ngazi zetu. Princesse alimtolea magauni sita. Hakutazama kifua wala mikono. Alikuwa anashika mikia tu, anaikunjua kwenye vidole, anainusa.

"Hii ameosha yeye?"

"Zote ni ye," Princesse akasema.

Alichagua lenye mkia mrefu kuliko yote. Wiki tatu baadaye alirudi kuchukua kadi zake, akaniachia moja. "Mpe," akasema. "Akiitupa, usiniambie."

Hakuitupa. Aliisoma amesimama mlangoni kwangu, mikono bado ina povu, na herufi za jina lake zikalowa. "Nani alisema waweke jina yangu?"

"Yeye mwenyewe."

Aliikunja akaifunga kwenye pindo la leso. Ilipofika Jumatatu ya wiki ya arusi, Princesse alimwonyesha gauni lililochaguliwa, na ingawa lilikuwa safi, tayari kwenye mfuko wake, Safinah alilitoa akaosha mkia upya. Jumanne akaurudia. Akakuta mahali pindo limelegea akaketi na sindano, mishono midogo kama chembe za mtama, saa nzima. Tulimwacha. Jioni aliutandaza dirishani, akasimama akiuangalia unavyopepea, na nilidhani hapo mambo yamekwisha, Jumamosi atavaa vizuri aende kanisani kama mama yeyote.

Jumatatu baada ya arusi nilimkuta kwenye ngazi mapema kuliko siku zote. Magauni yalikuwa hayajarudi.

"Ulikwenda?" nikamuuliza.

"Nilikuwa kwa Kasim."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia kwamba Kasim hana pa kwenda, angemsubiri mpaka Jumapili. Hakunijibu kwa hasira. Alikaa kwenye ngazi akanisimulia. Asubuhi ya Jumamosi alivaa nguo ya kwendea arusi kabisa, akafika hadi barabarani, miguu ikakataa. Akarudi, akachukua kopo la rangi ya kijani alilonunua kwa ajili ya kaburi tangu kabla ya Ramadhani, akaenda makaburini amevaa vilevile. Akang'oa magugu. Akaanza kupaka ukingo wa saruji, upande mmoja, wa pili, wa tatu. Alikuwa anaongea na mumewe. Alimwambia leo mtoto wetu anaolewa na mimi ndiye niliyekutaja wewe vibaya.

"Halafu nasikia honi," akasema. "Barabarani. Magari ya arusi. Unajua zile honi, pi-pi-pi, wanafurahi. Atoo, moyo ulinikata. Nikaona hata huku arusi za watu zinanifuata. Niliacha kopo hapohapo, niliacha brashi, nikapita nyuma kwenye uzio, nikakimbia nyumbani. Mtu mzima."

Alifyata mkia, kwa maneno mengine, na alijua. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikayameza. Nilikaa naye kwenye ngazi, bega kwa bega, mpaka tukamsikia Princesse juu akipiga kelele.

Tulipanda. Msichana mmoja aliyetupita ngazini na mfuko, kumbe alikuwa msimamizi wa Lailah, ndiye aliyeleta gauni lake, na Princesse alikuwa amelitandaza mezani. Mkia ulikuwa na udongo, hilo ni la kawaida. Ulikuwa umejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi za porini zinazong'ang'ania. Na pembeni, kuanzia kwenye pindo kwenda juu kiasi cha mkono mmoja, kulikuwa na kijani. Si tone. Ni mkanda mpana uliopakwa ukapakwa, na mbali kidogo alama tatu za vidole, kama mtu aliyekunja kitambaa kando kwa mkono wenye rangi.

"Ona!" Princesse akasema. "Huyu alienda kuolewa ao kupaka nyumba? Gauni iko na mutu Jumamosi hii!"

Safinah aliuvuta mkia magotini, akaunusa. Akang'oa mbegu moja ya kishona nguo, akaiweka kwenye kiganja, akaiangalia. Akapitisha kidole kwenye ile kijani, taratibu, kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Rangi ya mafuta huchukua siku nzima kukauka. Nilimwona anahesabu saa kichwani, na nilimwona alipofika kwenye jibu.

"Ni ya kwangu," akasema. "Hii rangi ni ya kwangu."

Princesse hakuelewa. Alileta mafuta ya taa, akaleta sabuni, akasema kama haitoki wakate kipande chote, atashona pindo jipya, mkia utakuwa mfupi lakini watu hawatajua. Safinah aliukumbatia ule mkia kifuani, uchafu wote na mbegu zote, kwenye nguo yake safi. "Utakata," akasema. "Lakini ngoja kwanza. Atoo, iko na namba yake?"

Nilikuwa nayo kwenye daftari la kadi. Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, kwa sababu mikono yake haikuwa radhi kuachia kitambaa. Ililia mara nne. Walipoanza kuongea waliongea Kinubi, na mimi Kinubi nakisikia, kambini watoto wa Wanubi ndio tuliogombana nao bombani kila siku.

"Lailah," Safinah akasema.

Upande wa pili: "Mama."

"Mkia wa gauni uko hapa. Una rangi."

"Nisamehe. Nilijaribu kuukunja."

"Mlikwenda kwa baba yako."

"Tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja. Nilitaka kumwonyesha." Akavuta pumzi. "Tulifika nikaona rangi mbichi, na kopo, na brashi iko juu yake. Nikamwambia Ojara, Mama yuko hapa, amekwenda kuteka maji, anarudi sasa hivi. Tukangoja, Mama. Watu wa picha wakakasirika, tukangoja. Kanisani nilikukosa nikahisi uko kwa Baba, ndiyo maana kule barabarani nilimwambia dereva apige honi, ili ukisikia ujue ni sisi tunakuja."

Princesse, ambaye Kinubi hajui, aliniangalia usoni akaweka chini chupa ya mafuta ya taa.

"Nilisikia," Safinah akasema. Sauti yake haikuwa ile ya Jumatatu zote. "Nilisikia honi, nikakimbia. Nilidhani ni watu wengine. Lailah, mimi nimekukosa kila siku."

Binti alikuwa analia, na haikusikika vizuri alichosema. Kisha akasema kwa uwazi: "Upande wa kichwani ulikuwa bado. Nikaona siwezi kumwacha hivyo, pande tatu zimepakwa na moja haijapakwa. Nikapiga magoti, nikaumalizia mimi."

Safinah alifumba macho. Alikuwa ameshika ile kijani kwa mikono yote miwili.

"Ulipaka mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja tu. Watu walikuwa wananingoja."

"Saruji inanywa rangi. Inataka mara mbili."

"Najua, Mama."

"Uko wapi sasa?"

"Namuwongo, nyumbani kwetu."

"Kaa hapo," Safinah akasema, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. "Nakuja."