Muujiza wa Pikapu ya Baba

Hii sijamwambia mtu: muujiza wa leo niliufanya mimi.

Pikapu yetu kuukuu ya automatiki ilikuwa inanguruma tu, mlima haipandi. Baba alishaamua kuiuza, na ndiyo inayotulisha.

Asubuhi nilipima oili ya giaboksi injini ikiwaka. Ilikuwa chini sana! Mpira mmoja wa kupitisha oili umelegea, unavuja. Nikaukaza, nikaongeza oili, nikanyamaza.

(Mnanijua mimi na injini.)

Mchana wamama wa kanisa wakaja hapa Gatina kuiombea. Wakaweka mikono juu ya boneti.

Baba akakanyaga mafuta. Ikapanda mlima kama mbuzi!

"Ona Mungu!" Mama akapiga vigelegele. "Na wewe, mbona husemi amina?"

"Amina, Mama."

Haiuzwi tena.

Nyinyi mngesema?

Tafadhali Mama asijue. Bado anaimba jikoni.