Manesi wa Mwalimu Emerensiana

Ukilazwa hospitali Songea, kuna uwezekano mkubwa uchomwe sindano na mtu aliyepelekwa kwenye kazi hiyo na Mwalimu Emerensiana. Ndivyo watu wa mtaa wa Mfaranyaki, ilipo shule yake, wanavyomtania, naye hakatai. Amefundisha Bayolojia kwa miaka mingi katika sekondari ya kata, na shule ikamkabidhi pia kazi ya ushauri, yaani kukaa na watoto wa kidato cha nne wanapokaribia kuchagua njia. Akimwona binti mtulivu, msafi, asiyeogopa kupasua chura maabara, shauri limekwisha: "Wewe, nesi." Hana mtoto wa kumzaa na mwaka ujao anastaafu. Akikutana na manesi wake mjini wamevaa sare, moyo wake humwambia hakuishi bure.

Kwa hiyo alipoitwa kwenye mafunzo ya walimu washauri alikwenda amenuna. Mwezeshaji alikuwa kijana aitwaye Sefu, ambaye alimwamkia kwa adabu zote, kisha akatumia asubuhi nzima kuwaeleza watu wazima kwamba mshauri hatoi amri. Anauliza, halafu ananyamaza, mpaka mtoto afike mwenyewe.

"Kama ni kunyamaza tu," Emerensiana alimnong'oneza Mwalimu Gaspari, jirani yake wa kiti, "si wangeniacha nyumbani Ruhuwiko na kuku wangu?"

Gaspari alicheka mpaka chai ikampalia.

Siku iliyofuata Sefu akawaomba wamwalike mtu mmoja waliyewahi kumshauri, aje asimulie safari yake. Hapo Emerensiana akachangamka. Kizuri chajiuza, alijisemea, akampigia simu Zulfa. Huyu alikuwa binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru, aliyekuja kusoma Songea akiishi kwa shangazi yake. Sasa ni nesi wa wodi ya wazazi, na wanawake wanaojifungua humtafuta kwa jina.

Zulfa akaja moja kwa moja kutoka zamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu waeleze wenzangu."

Akaeleza vizuri, chuo mpaka wodini, na walimu wakapiga makofi. Emerensiana alimtupia Sefu jicho la kusema, umeona? Sefu hakubisha, aliuliza tu:

"Dada Zulfa, siku mwalimu alipokwambia uwe nesi, ulijibuje?"

"Nilisema, ndiyo Mwalimu."

"Kwa hiyo ulikubali."

Zulfa akamtazama Emerensiana kama anayeomba ruhusa. "Nilisema ndiyo. Kwetu mtu mzima akisema, mtoto hasemi hapana. Hata angeniambia niwe seremala, ningesema ndiyo Mwalimu."

Watu wakaanza kucheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Kila mmoja mle ukumbini alikuwa na ndiyo zake alizozikusanya miaka na miaka akidhani ni ridhaa. Gaspari alishusha kikombe chake mezani.

Uso wa Emerensiana uliwaka. Kwanza alikasirika. Alikuwa tayari kusema, mbona hukuniambia? Lakini alijizuia, kwa sababu jibu alilijua. Mtoto aliyembishia ofisini kwake, yeye Emerensiana alikuwa akimtoa nje na kumwita mkosa adabu. Aibu ikamshika, ikamuuma kuliko hasira. Aliona wale manesi wote wamejipanga mbele yake, na asijue hata mmoja wao alikuja mjini na ndoto gani.

Akainuka. "Zulfa, mwanangu. Wewe ulitaka kuwa nani?"

Zulfa alifungua mdomo, akaufunga. Gaspari, mwenye huruma ya kupita kiasi, akaanza, "Labda ulitaka ualimu..." Emerensiana akamkanyaga mguu.

"Sijui, Mwalimu," Zulfa alisema mwishowe. "Kazi yangu sasa naipenda, sitakudanganya. Lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wallahi, hata mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza."

Machozi yakamlengalenga Zulfa. Emerensiana alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote mazuri. Akayaacha, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

Sefu alitazama saa, akakohoa kidogo ili wamkaribishe mgeni mwingine. Mwalimu alimwinulia mkono bila kugeuka.

"Subiri, baba," alisema. "Mtoto anafikiri."