Seleyian Polepole na Koti la Metito

Kitengela wanamjua Seleyian kwa sauti, na wengi wanamjua kwa jina la utani: Seleyian Polepole. Ndiye mwanahabari wa redio ya mtaa, ile iliyo juu ya duka la vyakula vya mifugo, na vijana wa bodaboda husema habari zake huletwa na punda wa maji. "Dada, ile ajali ya jana umeipata, ama punda bado yuko Isinya?" Naye hucheka kuwashinda, mabega yakitingishika, kisha huyo, anaenda kumuuliza mtu wa pili kama aliyosema wa kwanza ni kweli.

Hayo hakuyapata chuoni peke yake. Kwao, kwa Wamaasai wa upande wa Bissil, mgeni haropoki habari akiwa mlangoni. Hukalishwa, hupewa chai ya maziwa, halafu ndipo habari "zinaliwa": mvua, malisho, mbuzi, watoto, zile ndogo kwanza. Kama kuna msiba, huja mwisho, msikilizaji akiwa ameketi na kitu cha moto kimeshuka tumboni. Baba yake alikuwa akisema kwamba anayekutupia kifo ukiwa umesimama amekupiga jiwe. Seleyian alipoingia kazi ya redio akaona watu wanapigwa mawe kila saa, na jambo hilo halikumpendeza hata kidogo.

Basi asubuhi moja ya Julai, baridi ya kuuma masikio, ukuta wa machimbo ya mawe uliporomoka nje ya mji. Seleyian alipofika, wachimbaji walikuwa wameshamfukua mtu mmoja. Alikuwa kifudifudi, amekufa. Mgongoni alikuwa na koti la kung'aa la bodaboda, na kama chama chao kinavyotaka, jina la mwenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa: METITO. Wakamfunika blanketi hivyohivyo kifudifudi, wakampakia kwenye pikapu kumpeleka mochari. Nani angetaka kumgeuza? Uso uliolaliwa na mawe si kitu cha kutazama. Lakini kuna aliyepiga picha ya lile koti, na kabla pikapu haijafika lami, ukurasa mmoja wa mtandaoni ulikuwa umeshatangaza: Metito hatunaye tena.

Jamani, Metito! Ndiye aliyekuwa akimbeba Seleyian kwa boda yake siku za matope. Akampigia simu. Imezimwa. Akajaribu tena, imezimwa.

Mara simu ikalia, na alikuwa Allan, mhariri wake. Allan si mtu mbaya, ila anaogopa kuachwa nyuma kuliko anavyoogopa kukosea.

"Seleyian, taarifa ya habari inakaribia. Nipe jina."

"Sina jina. Niko na koti."

"Wacha mchezo! Mji mzima unajua ni nani."

"Mji mzima umeona mgongo. Polisi hawajamtambua, na hakuna mtu wa kwao ameambiwa. Koti si mtu, Allan."

"Tumeachwa mara nyingi kwa sababu yako. Leo tukiachwa tena, na iwe ni yeye, kesho usipande hizi ngazi. Nitamwambia nini mwenye stesheni?"

Yalimuuma, usidhani hayakumuuma. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wake. Hata hivyo alisoma habari yake kwa simu akiwa palepale machimboni: mtu mmoja amefariki, na hatutamtaja mpaka watu wake wapate habari. Jumbe za wasikilizaji zikaingia kama nyuki. Mmoja akamwambia aende akalishe ng'ombe wa baba yake.

Seleyian alipanda boda ya mtu mwingine akaenda kwa Nasieku, mama yake Metito, maana kama kuna pa kujua ukweli ni hapo. Alisikia kilio kabla hajafika getini. Wale wa mtandaoni walikuwa wamemtangulia. Nasieku alikuwa chini, shuka limemwanguka, na aliyemshika ni jirani yake Muthoni, mama yake Kiragu. Wanawake hao wamegawana ua na kisima tangu watoto wao wakiwa wanatambaa. Muthoni ndiye aliyekuwa amewasha jiko, amechemsha chai sufuria nzima, na bado anambembeleza mwenzake kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, chake cha kubabaisha.

"Kunywa, Mama Metito, hata kidogo tu," alisema. Kisha akamgeukia Seleyian, macho mekundu. "Kiragu wangu hajarudi kutoka kazini kwa mawe. Najua anamsaidia rafiki yake huko mochari. Hawezi kumwacha peke yake."

Kabla Seleyian hajauliza lolote, pikipiki ikanguruma getini. Akaingia Metito, mzima kabisa, ana helmeti mkononi na anatetemeka kwa baridi.

"Yeyo, mama yangu, ni nini? Nani amekufa?"

Nasieku alipiga ukelele ambao sijui niuite wa nini. Alimshika mwanawe masikio, akamshika mabega, akampiga kofi, akamkumbatia. Metito akaeleza alikokuwa, majirani wakalia na kucheka. Muthoni alicheka kuliko wote, akainua mikono kumshukuru Mungu. "Alipeleka mteja Kajiado, simu ikazima! Huyu mtoto atatuua sisi!"

Seleyian peke yake hakucheka. Alimvuta Metito nyuma ya nyumba.

"Koti yako iko wapi?"

"Nilimwachia Kiragu. Alikuwa anashuka machimbo asubuhi na baridi ilikuwa..." Metito alitazama upande wa jiko, akafunika mdomo kwa mkono.

Koti si mtu. Seleyian alikuwa ameyasema mwenyewe, na hata sasa hakukubali kulishwa habari na koti. Akampigia Kahiga, mnyapara wa machimbo aliyeusindikiza mwili. "Tafadhali mzee, mgeuze. Mtazame uso." Akangoja simu ikiwa sikioni. Kahiga aliporudi alikuwa akilia. Ni Kiragu.

Simu ikalia tena. "Nimesikia Metito yuko hai," Allan alisema, sauti imepoa. "Wale wa mtandaoni wanafuta ile picha. Sasa umepata jina?"

"Nimepata. Mama yake hajajua."

Allan akashusha pumzi. "Basi tutasubiri. Pole, Seleyian."

Seleyian akakata simu. Akaenda jikoni, akamimina kikombe cha ile chai ambayo Muthoni alikuwa amewapikia waombolezaji, akavuta kigoda. "Keti, Mama Kiragu, umesimama sana leo." Akamwekea kikombe mkononi, akaketi mbele yake, magoti yakigusana.

"Takwenya, Mama Kiragu," akamwamkia kwa Kimaa.

"Iko," Muthoni akaitikia salamu, bado anatabasamu.

"Mmeamkaje hapa kwenu?"

"Tumeamka salama."

"Mvua ya juzi ilifika shambani?"

"Ilifika kidogo."

"Na mbuzi?"

Muthoni alikuwa ameishi na Wamaasai miaka mingi, na alijua mtu hulishwa habari hivi anapoletewa nini. Tabasamu likamtoka. Akaweka kikombe chini, akashika mikono yote miwili ya Seleyian.

"Mbuzi wako salama, mwanangu," akasema. "Haya. Niambie."